Sangara na Haki ya Watu wa Ziwa

Mada kwa viongozi wa walei na waumini wa parokia za kandokando ya Ziwa Victoria



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya samaki aitwaye sangara, ambaye ndugu zetu wa Kenya humwita mbuta na wale wa Uganda humwita mputa. Huenda wapo kati yenu wanaojiuliza: kamati ya haki na amani inahusikaje na samaki? Je, hayo si mambo ya maofisa wa uvuvi? Jibu letu ni hili: mali ya wengi inapopungua, ugomvi haukosi kuzuka, na penye ugomvi anayeumia kwanza ni yule asiye na nguvu. Ndiyo maana tumeona si vema kuwaachia wataalamu peke yao jambo hili, ingawa maarifa yao tutayahitaji. Tutalitazama kwa utaratibu tuliouzoea: kwanza tuone hali ilivyo, halafu tuipime, kisha tuamue la kutenda.

I. TUONE HALI ILIVYO

Sangara alivyofika kwetu

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, nalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Hata hivyo kina chake si kirefu. Wastani wake ni kama meta 40 tu. Kabla ya miaka ya 1950 sangara hakuwamo humo. Alikuwa akiishi katika Ziwa Albert, Ziwa Turkana na mto Nile, na maporomoko ya Murchison yalimzuia asipande mto hadi kwetu. Wazee wetu waliishi kwa ngege, ningu, kambare, kamongo, dagaa na furu. Hao furu peke yao walikuwa wa aina nyingi ajabu. Wataalamu wanakadiria kuwa zilizidi 500.

Watawala wa kikoloni waliwaona furu kuwa samaki wadogo wasio na thamani. Wakafikiri kwamba akiletwa samaki mkubwa awale hao wadogo, wingi wao utageuka kuwa nyama yenye bei. Walikuwa na sababu nyingine pia, ambayo wengi wa siku hizi hawaijui: walitaka samaki wa mchezo. Sangara huweza kufikia urefu wa meta mbili na uzito wa kilo 200, na watu wanaovua kwa ufito na mshipi kwa ajili ya kujifurahisha humthamini mno kwa sababu ya ukubwa wake na jinsi anavyopambana. Basi katikati ya miaka ya 1950 sangara kutoka Ziwa Albert walitiwa katika ziwa letu upande wa Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wengine wakatiwa waziwazi, upande wa Uganda na wa Kenya. Mtaalamu mmoja, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 kuonya kwamba jambo hili lina hatari. Onyo lake halikufuatwa. Tena tuangalie vizuri: uamuzi wa kubadilisha ziwa zima ulifanyika maofisini. Mvuvi wa mwaloni hakuwa mmoja wa waamuzi.

Kwa muda wa miaka ishirini hivi sangara hakuonekana kwa wingi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliongezeka ghafula. Furu wakaliwa vibaya, na inakadiriwa kwamba aina zao zipatazo 200 zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Wakati huo huo fedha zikaja. Viwanda vya minofu vikajengwa Kisumu na miji mingine ya Kenya, vikafuata Jinja, Entebbe, Mwanza, Musoma na Bukoba. Minofu ikasafirishwa Ulaya na kwingineko. Watu wengi walijenga nyumba za bati, wakasomesha watoto, wakanunua injini za mitumbwi. Tusiseme kwamba sangara alileta hasara tupu, maana hilo si kweli. Wala tusisahau kwamba minofu iliposafiri, mwenyeji mara nyingi alibaki na mifupa. Ndiyo maana Mwanza kuna neno mapanki, na Kisumu kuna neno mgongo wazi.

Ziwa lilikwisha kutuonya

Yafaa tukumbuke kwamba hii si mara ya kwanza kwa samaki kupungua katika ziwa hili. Mwaka 1905 nyavu za kutega kutoka Ulaya ziliingizwa katika ghuba ya upande wa Kisumu. Zilinasa ngege wengi kuliko mitego ya asili, na kila mtu akazitaka. Baada ya miaka michache ngege wakaanza kuadimika. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alifanya uchunguzi katika ziwa zima, akashauri kwamba wavu wenye macho yaliyo chini ya inchi 5 usitumike. Sheria ikatungwa. Lakini nyavu za macho madogo ziliendelea kuuzwa na kutumika, wasimamizi wakashindwa, na katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali zikaiondoa sheria hiyo badala ya kuitekeleza. Ngege wakaporomoka. Leo ngege wa asili hupatikana zaidi katika maziwa madogo ya jirani, kama Ziwa Kanyaboli huko Siaya, kuliko katika ziwa kubwa lenyewe.

Tumewakumbusha habari hii kwa sababu njia anayopita sangara leo ni ile ile aliyopita ngege: chombo kipya, faida ya haraka, sheria nzuri isiyosimamiwa, kisha majuto.

Dalili za upungufu

Wavuvi walio kati yenu ni mashahidi wa kutosha. Zamani sangara wa kilo 30 au 50 hakuwa habari ya kusimuliwa. Leo akiletwa mwaloni watu hukusanyika kumtazama. Mtumbwi huenda mbali zaidi, hutumia petroli nyingi zaidi na kulala majini siku nyingi zaidi ili kupata kiasi ambacho zamani kilipatikana karibu na nyumbani. Viwanda kadhaa vimefungwa au hufanya kazi siku chache kwa kukosa samaki. Na kwa uzito, dagaa sasa huzidi samaki wengine wote wanaovuliwa ziwani.

Wakati huo huo wavuvi wameongezeka. Katika hesabu iliyofanyika mwaka 2000 katika nchi zote tatu, wavuvi walikuwa wapatao 129,000 na vyombo vilizidi 42,000. Kufikia hesabu ya mwaka 2012 wavuvi walikuwa wamezidi 200,000. Ziwa ni lile lile, mikono imeongezeka.

Sababu zake

Sababu ya kwanza ni kuvua samaki wachanga. Dume la sangara huanza kuzaa akiwa na urefu wa sentimeta 50 na zaidi kidogo. Jike huchelewa, hata akapita sentimeta 60 au 70. Kokoro linaloburutwa ufukweni, wavu wa macho madogo na ndoano ndogo huwachukua kabla hawajazaa hata mara moja. Kokoro lina ubaya zaidi, kwa kuwa huvuruga mazalia yaliyo karibu na pwani. Kwa sababu hiyo nchi tatu ziliweka kanuni kwamba sangara wa kupelekwa kiwandani awe na urefu wa kati ya sentimeta 50 na 85. Kikomo cha chini kinamlinda mchanga ili azae. Kikomo cha juu kilikusudiwa kumlinda jike mkubwa, kwa kuwa jike mmoja wa namna hiyo hutaga mayai kwa mamilioni, wakati jike mdogo hutaga machache zaidi. Hata hivyo kikomo cha juu kimekuwa na mashaka tangu mwanzo, maana samaki aliyenaswa wavuni usiku kucha hutolewa amekwisha kufa, na kumrudisha majini hakumfufui. Hapa tunajifunza kwamba sheria nzuri ya samaki huanzia kwenye chombo cha kuvulia, wala si kwenye mizani ya kiwanda.

Sababu ya pili ni soko. Kiwanda kikimkataa samaki mchanga, yuko mnunuzi mwingine atakayempokea: hukaangwa, hukaushwa, au hutiwa chumvi na kuuzwa kayabo hadi Kongo. Tena katika miaka ya karibuni mabondo ya sangara yamepata bei kubwa mno huko Uchina, kupita bei ya nyama yake. Kwa kuwa bondo kubwa hutoka kwa samaki mkubwa, yule mzazi tuliyetaka abaki ndiye anayetafutwa kuliko wote.

Sababu ya tatu ni maji yenyewe. Udongo wa mashamba yasiyo na makingamaji, mbolea, maji machafu ya miji na viwanda, vyote huingia ziwani. Maji hugeuka kijani, mimea midogo huoza, na hewa ya chini ya ziwa hupungua. Sangara ni samaki anayehitaji hewa nyingi kuliko kambare au kamongo. Sehemu ya ziwa isiyo na hewa si makao yake tena. Kwa hiyo mkulima wa milimani, ambaye hajawahi kushika kasia, naye anao mkono wake katika upungufu huu.

II. TUPIME TULIYOYAONA

Mzigo humwangukia nani?

Tukiuliza ni nani mwenye kosa, watu wengi hunyosha kidole kwa kijana aliyekamatwa na kokoro. Amevunja sheria, hatukatai. Lakini tumfuate nyuma kidogo. Kokoro si lake. Ni la tajiri wake. Mtumbwi na injini si vyake. Yeye ni kibarua anayelipwa kwa mgawo wa samaki waliopatikana, baada ya gharama zote kutolewa. Tajiri naye mara nyingi amekopeshwa nyavu na petroli na wakala, kwa sharti kwamba samaki wote amuuzie huyo wakala kwa bei aipangayo wakala. Na wavu haramu haukushuka kutoka mawinguni: ulitengenezwa kiwandani, ukapita mpakani au bandarini, ukauzwa dukani. Katika mlolongo huu wote, anayechomewa wavu na kulala mahabusu ni yule wa mwisho.

Mwaka 2017 serikali ya Uganda iliwaingiza wanajeshi katika ulinzi wa ziwa. Mwaka 2018 Tanzania iliendesha operesheni iliyopewa jina la samaki mwenyewe, Operesheni Sangara. Nyavu nyingi zilichomwa moto na mitumbwi ikateketezwa. Wenye mamlaka walieleza kwamba samaki waliongezeka. Wavuvi walilalamika kwamba walidhalilishwa na kufilisiwa, na malalamiko yao yalisikika hadi bungeni. Yafaa tuseme wazi kwamba kauli hizi mbili hazipingani. Yawezekana samaki wachanga wakapata nafasi ya kukua, na wakati huo huo mwanadamu akaonewa. Lakini ulinzi unaojengwa juu ya woga hudumu kadiri askari anavyokuwapo. Akiondoka, kokoro hurudi, tena safari hii likiwa na kisasi.

Wapo na wengine ambao hawatajwi katika taarifa za uvuvi. Samaki wanapoadimika, mama mchuuzi ndiye wa kwanza kukosa. Hana mtaji wa kushindana na gari la kiwanda. Katika fuko nyingi za Kenya desturi ya jaboya imemlazimisha mwanamke kutoa mwili wake kwa mvuvi ili auziwe samaki, na hata penye jina jingine jambo lenyewe lipo. Maradhi yaliyofuata mnayajua, na yatima waliobaki mnawalea. Kadiri samaki wanavyozidi kuwa wachache, ndivyo nguvu ya mwenye samaki juu ya asiye naye inavyozidi. Kuwarudisha samaki ziwani ni sehemu ya kumrudishia mwanamke huyo heshima yake.

Hata mataifa hugombana. Mwaka 2009 Kenya na Uganda zilivutana vikali juu ya Migingo, kisiwa cha mawe kisichofika ekari moja. Hakuna shamba pale wala mgodi. Kinachogombewa ni maji ya sangara yanayokizunguka.

Ufito wa mgeni na wavu wa mwenyeji

Liko swali moja ambalo tumeulizwa mara nyingi, nasi hatupendi kulikwepa. Kisiwa cha Rubondo, upande wa Tanzania, kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, na maji yanayokizunguka yamo katika hifadhi. Mvuvi wa kijiji cha jirani akiingiza wavu humo hukamatwa. Lakini mtalii mwenye kibali huruhusiwa kuvua sangara humo kwa ufito, kwa ajili ya mchezo. Watu husema: kumbe samaki ni wa kuchezewa na mgeni, wala si wa kuliwa na mwenyeji?

Uchungu ulio ndani ya swali hili ni wa haki, na asiyeusikia hatafanikiwa kuwahubiria wavuvi habari za hifadhi. Hata hivyo tupime pande zote mbili. Kwanza, mvuvi wa mchezo huvua samaki mmoja mmoja, na aliyenaswa kwa ndoano moja huweza kurudishwa majini akiwa hai, kama akishikwa vizuri na kwa haraka. Wavu hauna uwezo huo. Pili, samaki hawajui mpaka wa hifadhi. Wanaokua katika maji yaliyotulia hutoka wakaenda kwenye maji yanayovuliwa, hivyo mahali palipofungwa huwa kama ghala ya mbegu kwa vijiji vinavyozunguka. Mkulima mwenye busara hali mbegu zake zote, hata mwaka wa njaa.

Lakini upo upande mwingine wa haki hii. Ikiwa mwenyeji ameombwa aache maji hayo kwa faida ya wote, basi na faida iwe ya wote kweli. Fedha anazolipa mtalii kwa ajili ya kuvua samaki huyu zionekane pia katika zahanati, madarasa na visima vya vijiji vilivyojizuia. Vijana wa vijiji hivyo wawe wa kwanza kuajiriwa kuwa waongozaji, manahodha na walinzi. Mipaka ya majini iwekewe alama zinazoonekana hata usiku, ili mtu asikamatwe kwa kutojua. Na wanakijiji wapewe hesabu, kwa Kiswahili chepesi, ya mapato hayo. Mambo haya yakitimizwa, mtalii mwenye ufito atakuwa mwenzi wa mvuvi katika kumlinda sangara. Yasipotimizwa, swali tuliloulizwa litabaki bila jibu.

Je, mgeni huyu anastahili kulindwa?

Wengine huuliza: kwa nini tumlinde sangara, ambaye aliwala furu wetu? Si afadhali aishe, ziwa lirudie hali yake ya kwanza? Swali hili nalo ni la maana. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sangara amekaa kwetu miaka sabini. Hatuwezi kumfukuza, kwa maana hakuna njia ya kumwondoa katika ziwa lenye ukubwa huo. Wala ngege na furu waliotoweka hawatarudi kwa sababu tu sisi tumewavua sangara wachanga. Linalowezekana ni kumpa jembe: aishi kwa kiasi, atufanyie kazi, asiharibu yaliyobaki.

Tangu miaka ya 1990, sangara walipopunguzwa na uvuvi, baadhi ya furu wameanza kuonekana tena. Hili latufundisha kwamba lengo letu lisiwe kurudisha ule wingi wa kupindukia wa miaka ya 1980. Lengo liwe ziwa lenye sangara wakubwa wa kutosha, na ndani yake dagaa, furu, sato na ningu wapate nafasi yao. Pia latukataza kosa la zamani: mtu yeyote asije akamhamishia sangara katika maziwa madogo na mabwawa yetu, ambako samaki wa asili wamepata kimbilio.

III. TUAMUE LA KUTENDA

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nchi zetu tatu zilikubaliana mwaka 1994 kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, na kazi yake tunaiheshimu. Lakini ulinzi wa kila siku uko mwaloni, mikononi mwa Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, ambavyo watu huviita BMU. Hapo ndipo sisi tunapoweza kuingia. Tunapendekeza mambo sita.

Kwanza, tununue kwa uangalifu. Kila jumuiya ndogo itengeneze kijiti cha sentimeta 50 na kukitunza kwa katibu wake. Kijiti hicho kitumike kuwafundisha watoto na watu wazima sangara mchanga ni yupi. Parokia ikiwa na sherehe, shule yetu ikinunua kitoweo, hosteli yetu ikiweka zabuni, asipokewe sangara aliye chini ya kipimo. Tutakuwa na neno la kumwambia mvuvi ikiwa sisi wenyewe tumeacha kuwa soko la kosa lake.

Pili, watu waadilifu wagombee uongozi wa BMU. Mara nyingi tunasikia kwamba kiongozi wa BMU ndiye mwenye kokoro, au hupokea kitu kidogo ili afumbe macho. Tusiishie kunung'unika. Uchaguzi unapokuja, walei waliolelewa katika ukweli wajitokeze, na wanawake wachuuzi wawe miongoni mwao. Na kila BMU iombwe kusoma hesabu zake mbele ya mkutano, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, tumfungue mvuvi kutoka katika deni. Mtu anayedaiwa na wakala hawezi kuchagua wavu wala bei. Vyama vya kuweka na kukopa vilivyoanzishwa katika parokia kadhaa vifungue mlango kwa wavuvi na wachuuzi, ili mtu apate mkopo wa kununua wavu halali bila kuuza uhuru wake. Aliye na kokoro asaidiwe kulibadilisha, tena apewe muda unaojulikana. Muda ukiisha, sheria ifuate mkondo wake.

Nne, tuseme na wenye mamlaka. Tudai kwamba sheria ianze kwa anayeingiza na anayeuza nyavu haramu, kisha ishuke kwa mwenye chombo, na mwisho kwa kibarua. Tudai kwamba anayekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya muda wa sheria, asipigwe, na kielelezo kiandikwe kabla ya kuteketezwa. Kamati za haki na amani ziandike matukio kwa tarehe na kwa mashahidi. Lalamiko lisiloandikwa husahauliwa upesi.

Tano, tuyalinde mazalia. Sangara huzaa karibu mwaka mzima, hivyo kufunga ziwa kwa miezi michache hakutoshi peke yake. Hata hivyo kupumzisha maji si jambo geni: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa upande wetu, kila mwalo unajua ni ghuba ipi au mwambao upi wenye samaki wachanga wengi. BMU, wazee na wavuvi wakae pamoja, wapatenge mahali hapo, waweke alama, na wote wapaheshimu. Kinachotengwa na watu wenyewe hulindwa vizuri kuliko kinachotengwa na amri.

Sita, ndugu wa milimani na wa mijini wasijitenge. Pandeni miti na matete kando ya mito, limeni kwa makingamaji, msitupe taka katika mifereji inayoelekea ziwani. Parokia ambayo haina mvuvi hata mmoja ina kazi hii.

Hatusemi kwamba mambo haya ni mepesi. Mwenye njaa leo akiambiwa angoje samaki akue miaka miwili au mitatu ana haki ya kuuliza atakula nini kesho. Ndiyo maana tumeweka mkopo na bei ya haki pamoja na wavu halali. Kimoja bila kingine hakitasimama. Na kungoja kuna malipo yake: sangara mchanga hana uzito wa kilo mbili, lakini akiachwa akue atafikisha kilo nyingi, atakuwa amekwisha kuzaa, na bei yake kwa kilo itakuwa kubwa zaidi. Anayemvua leo hamwibii jirani tu, anajiibia mwenyewe.

Sasa tugawanyike katika vikundi vya watu wanane au kumi, kila kikundi kiwe na mvuvi au mchuuzi mmoja angalau, naye apewe nafasi ya kusema kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika mwalo ulio karibu nasi, sangara wanaopatikana leo wana ukubwa gani wakilinganishwa na wale wa miaka kumi iliyopita? Ni nani wanaowanunua wale wachanga?

2. Nyavu haramu zinazotumika hapa zinatoka wapi, na ni nani anayefaidika nazo zaidi?

3. Wanawake wachuuzi wa eneo letu hupataje samaki? Je, wako huru kusema ukweli wa jambo hilo mbele yetu?

4. BMU yetu ilisoma hesabu zake mara ya mwisho lini? Ni nani kati yetu aliye tayari kugombea uongozi wake?

5. Kati ya mambo sita yaliyopendekezwa, ni lipi tunaloweza kulianza kabla ya mwezi huu kwisha? Andikeni jina la atakayelisimamia na siku atakayoleta taarifa.